Mwaka Tuliomtazama Mzee Glavu

Siku ya kumzika Mjomba Kanuti nilikaa jikoni kwake, Mgeta, nikimenya njegere ambazo hakuna aliyeniagiza nizimenye. Nje wanaume walikuwa wanafunga turubai kwenye miti ya pichi, maana ukungu wa huku ukishuka mchana hauchelewi kugeuka mvua. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Jeneza lilikuwa chumbani, wazee wa ukoo wamekaa barazani, na kila kitu kilikuwa kimesimama kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakuwepo: kaka yangu Deo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanaume akifa, anayetangulia kutupa udongo kaburini ni mpwa wake mkubwa, mtoto wa dada yake, na huyo ndiye anayepewa jina la mjomba, na pamoja na jina anapewa mashamba na watu wa kuwaangalia. Watoto wa marehemu mwenyewe wanasimama nyuma kidogo, wao wana wajomba zao. Mjomba Kanuti alikuwa na dada mmoja tu, mama yetu, na mama yetu alituzaa sisi wawili. Kwa hiyo walikuwa wanamsubiri Deo, na kwa kuwa Deo hakuwepo walikuwa wananiuliza mimi.

"Prisca, kaka'ko kafika wapi?" aliniuliza mama mmoja aliyekuja kuchukua sufuria.

"Anakuja, mama."

Akaenda na sufuria yake. Nikabaki najiuliza kama nilikuwa nimesema uongo, au nilikuwa nimesema ninachotamani, na kama kusema unachotamani karibu na maiti ni kosa dogo au kubwa. Ndivyo nilivyo. Nina shahada, sina kazi, na kichwa changu hakina saa ya kufunga. Deo anaishi Bukoba, anatengeneza simu. Nilimpigia wakati Mjomba alipozidiwa, nikampigia tena Mjomba alipokata roho, na mara zote mbili alinijibu neno moja, "Nitaona." Neno hilo nilikuwa nimeligeuza kila upande hadi likakosa maana. Ataona nini? Ataona kama kuna basi, au ataona kama anaweza kusimama mbele ya watu hawa? Kisha nikiwa na bakuli la njegere mapajani nikarudi kwenye mwaka ule, kama ninavyorudi karibu kila siku, kutafuta mahali ambapo mambo yangeweza kwenda njia nyingine.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili na Deo kidato cha nne. Tuliishi Mlali, chini ya milima, kwenye nyumba ambayo Baba aliijenga kwa mikono yake juu ya ardhi ya ukoo wa Mama. Baba ni fundi wa ujenzi, mtu wa Kagera. Televisheni iliingia nyumbani mwezi wa kwanza. Mhadhiri mmoja wa Mzumbe, ambaye Baba alikuwa amemjengea uzio, alinunua mpya akampa Baba ile ya zamani, ya chogo, pamoja na king'amuzi. Baba alirudi nayo nyuma ya bodaboda ameikumbatia kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Tuliiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo, Mama akaifunika kitambaa cha kufuma, na kuanzia siku hiyo hatukula tena tukitazamana. Viti vyote viligeuzwa upande mmoja. Hata mkeka wa chakula ulihama, ukawa unatandikwa mbele ya kabati, tukawa tunamega ugali bila kuangalia bakuli, vidole vinagongana kwenye mchicha.

Tulichokuwa tunakisubiri kila siku saa moja jioni ni tamthilia. Ilikuwa ya nchi za mbali, imeingizwa sauti za Kiswahili, na midomo ya wale watu ilikuwa inamaliza kusema kabla ya maneno kwisha. Ilihusu familia yenye mashamba makubwa ya kahawa. Mama wa familia ni mgonjwa kitandani, na kaka yake, mjomba wa watoto, anamwekea unga mweupe kwenye chai kidogokidogo ili afe na yeye ayachukue mashamba. Huyo mjomba alivaa glavu nyeusi hata mezani. Jina lake lilikuwa refu na gumu, kwa hiyo sisi na Mlali nzima tulimwita Mzee Glavu. Watoto wa jirani walikuja wakaacha ndala mlangoni wakakaa sakafuni, na Glavu akitokea tu, sebule nzima ilikuwa inazomea. "Mchome!" "Mama usinywe!" "Huyu mama naye mjinga, haoni?" Deo hakuzomea. Deo aliketi mbele kabisa, magoti kifuani, anasoma nyuso. Alikuwa na kipaji cha kubashiri. "Ona huyo mpishi alivyoangalia pembeni," alikuwa ananinong'oneza. "Anajua. Atasema kwenye msiba." Na kweli, miezi kadhaa baadaye, mpishi hakusema, lakini mwanamke mmoja kichaa anayefagia kanisa aliingia makaburini anacheka na kupiga makofi, akamnyooshea Glavu kidole mbele ya jeneza, akasema yote. Sebule ililipuka. Deo aligeuka akanitazama kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Chuoni, kwenye semina moja, mwenzetu alisema tamthilia ni burudani tu, kijana yeyote mwenye akili timamu anajua kwamba wale ni waigizaji. Darasa lilimuunga mkono. Mimi nilitunga majibu kichwani mpaka kipindi kikaisha. Deo alijua ni waigizaji. Alikuwa anajua hata yule mama mgonjwa ni mdogo kwa umri kuliko binti yake wa kwenye igizo. Hakuna aliyedhani Mzee Glavu yupo. Tulichojifunza pale ni namna ya kutazama. Tulijifunza kwamba ugonjwa lazima uwe na mtu nyuma yake. Tulijifunza kwamba umaskini una sura, na sura hiyo ni ya ndugu. Shuleni, kwenye Uraia, mwalimu aliuliza chanzo cha migogoro ya ardhi katika jamii, na kabla hajamaliza swali darasa zima likaitikia, "Wajomba!" Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Naye alikuwa anaitazama. Hakuna aliyeona ajabu kwamba darasa lile lilijaa watoto wa Kiluguru, ambao wengi wao madaftari na sare walinunuliwa na wajomba zao.

Mama alianza kuvimba miguu kwenye masika. Hospitali ya mjini walisema figo. Nakumbuka Baba akilirudia neno hilo njia nzima, kama mtu aliyepewa anwani asiyoifahamu. Kitanda cha Mama kilihamishiwa chumba cha karibu na sebule, ambacho hakikuwa na mlango ila pazia la maua, na kutoka nyuma ya pazia lile alikuwa anaifuata tamthilia kwa sauti tu.

"Deo," alikuwa anaita, "leo Glavu kafanya nini?"

"Kamwongezea unga, Mama."

"Na dada mtu kanywa?"

"Kanywa yote."

"Mwambieni hata mimi sijanywa chai ya maana wiki hii, anipe hiyohiyo."

Tulikuwa tunacheka. Deo alikuwa anacheka nusu. Kwenye televisheni mgonjwa analala nywele zimechanwa, anashika mkono wa mwanawe na kusema maneno mazuri. Mama yetu alikuwa na harufu ya mkojo na hasira. Alimtukana Baba kwa sababu ya mto uliokunjwa vibaya. Aliomba kisamvu cha nazi, nikakitwanga na kukipika nusu siku, akaweka kijiko kimoja mdomoni akakitema, akaniambia nimekitia chumvi kwa makusudi. Nilienda kulia chooni. Nilikuwa nasubiri saa ile ya maneno mazuri. Naona aibu kuandika kwamba nilikuwa naisubiri kweli, najiuliza itakuja lini, na kwamba siku alipokufa, pamoja na uchungu wote, kulikuwa na sehemu yangu iliyoona kwamba kipande kimeruka.

Mjomba Kanuti alikuwa anashuka na lori la mboga. Alifika na karoti, na njegere, na mara moja kikapu cha pichi ambazo zilipondeka njiani, akakaa chini kuzichambua nzima na mbovu kana kwamba maisha ya dada yake yako humo. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo ya watu wa milimani, na hakujua kukaa kwenye kochi, aliketi ukingoni kama anayeomba ruhusa. Tamthilia ikianza alikuwa anatoka nje. Alisema inamtia kizunguzungu, watu wanasema na midomo imefunga. Deo aliliona hilo. Kwenye siku za mwisho Mjomba alikuja na chupa ya maji ya mizizi. Daktari alikuwa amekataza dawa za kienyeji waziwazi, mbele yetu. Baba alimkumbusha.

"Shemeji, daktari alisema."

"Daktari hanijui," Mama akadakia toka kitandani. "Kanuti ananijua. Lete hapa."

Mjomba aliosha kikombe cha bati, akamimina, akamwinua kichwa kwa mkono wa kushoto na kumnywesha kwa wa kulia, polepole, akimfuta kidevu kwa shati lake. Pazia lilikuwa wazi. Sebuleni televisheni ilikuwa inaonyesha matangazo, na Deo alikuwa amesimama katikati ya vyumba viwili, anatazama mkono na kikombe.

Hapo ndipo huwa nakwama. Kwa sababu sijui. Nimesoma kila ninachoweza kusoma kuhusu figo na mizizi, na jibu la kweli ni kwamba huenda maji yale hayakufanya kitu, na huenda yalimharakisha. Mtu anaweza kumpenda dada yake kiasi cha kumpelekea kitu kinachomuua. Hilo halikuwemo kwenye tamthilia yoyote tuliyoitazama. Pale palikuwa na anayetia unga na anayenywa, basi. Hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu, mwenye mikono safi na chupa isiyofaa, anayefuta kidevu cha mgonjwa kwa shati lake. Lau tungekuwa tumewahi kumwona mtu huyo hata mara moja kwenye kioo kile, nadhani Deo angemtambua.

Siku mbili tatu baadaye alisikia maneno. Tulikuwa tunakula. Nyuma ya pazia Mama alikuwa anaongea kwa shida.

"Shamba langu la huko Mgeta lishike wewe, Kanuti. Usimwachie mtu."

"Nitalishika."

"Na nyumba."

"Na nyumba. Watoto ni wa ukoo, dada. Usiwe na hofu. Wote watapanda juu kwangu."

Deo aliacha tonge mkononi. Aliniangalia, kisha akaangalia mgongo wa Baba, ambaye alikuwa amesinzia kwenye kochi na matope ya saruji kwenye viatu. "Umesikia?" akaninong'oneza. "Shamba, nyumba, mpaka sisi. Mzee hana chake. Oya, huyu jamaa siyo mtu mzuri." Nilimwambia kwamba Mama ndiye aliyesema ashike. Akanijibu kwa huruma, kama mwalimu, "Prisi, ndivyo wanavyofanyaga. Wanamfanya mwenyewe aseme." Na nikamwamini. Kwa majuma kadhaa nilimwamini kabisa. Hakuna aliyekuwa ametukalisha kutueleza kwamba mjomba anashika ili mpwa akikua ampe. Wakubwa walidhani tunajua, kama wanavyodhani mtoto anajua kwamba maji yanashuka kutoka mlimani. Sisi tulikuwa tumekulia Mlali, barabarani, na baba wa Kagera, ambako mali ni ya baba. Kuhusu ukoo tulichokuwa nacho ni kahawa ya Mzee Glavu.

Mama alikufa asubuhi, wakati natafuta kiberiti. Hakusema kitu. Baba alikuwa kazini.

Wakampandisha Mgeta akazikwe kwao. Na sasa inabidi nieleze kuhusu watani, ingawa wengi mnaosoma mnao wa kwenu. Ukoo wetu una ukoo mwingine ambao ni watani wake toka zamani, na kwenye msiba wetu wao ndio wanaochimba kaburi na kuosha maiti, na wao ndio wenye ruhusa ya kutukana. Wanaweza kuvaa nguo za marehemu wakamwigiza anavyotembea. Wanaweza kuzuia jeneza mpaka wapewe kuku. Anayekasirika ndiye mwenye aibu, kwa sababu kazi yao ni kumzuia mfiwa asizame. Mtani wetu mkuu alikuwa Bi Koleta, mama mnene mwenye meno ya mbele yaliyoachana, aliyemlea Mjomba Kanuti mgongoni alipokuwa mdogo. Deo hakuwa amewahi kukaa kwenye msiba wa ukoo hadi mwisho. Misiba aliyoijua yeye ilikuwa ya saa moja jioni.

Mjomba Kanuti alikuwa amesimama kando ya kaburi, mikono nyuma, macho makavu, ametazama shambani. Bi Koleta aliona amezama. Akatoka kwenye kundi la wanawake, amejifunga kanga ya Mama kichwani, anacheza na kupiga makofi.

"We Kanuti!" akapaza sauti. "Mbona hulii? Mtazameni! Halii huyu, anahesabu matuta ya kabichi! Umemmaliza dada'ko na chupa zako upate shamba, eeh? Sasa limekuwa lako, cheka tukuone meno!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba mwenyewe, nilimwona, mdomo ulianza kumcheza, na machozi yaliyokuwa yamegoma yakaanza kushuka. Ndiyo ilikuwa kazi ya Bi Koleta na alikuwa ameifanya vizuri.

Deo alisukuma watu akapita mbele. Alikuwa na sare ya shule kwa sababu hakuwa na suruali nyingine nyeusi. "Mmesikia!" akasema, na sauti ilikatika, akaanza upya. "Mmesikia wenyewe! Anacheka na analia! Mimi nilimwona akimnywesha. Mimi nilimsikia akitaka shamba. Muuaji! Huyu ni muuaji, mkamateni!"

Kicheko kilikufa. Bi Koleta alivua ile kanga kichwani. "Mwanangu," akasema, "mimi ni mtani. Natania mimi."

"Ndivyo wanavyosemaga," Deo akajibu.

Nimejaribu mara nyingi kuiona sura yake wakati ule, na ninachokiona ni kwamba alikuwa anangoja. Alikuwa amemaliza sehemu yake. Alikuwa anangoja watu wamgeukie Mjomba, Mjomba akimbie, polisi watokee kwenye migomba. Badala yake wazee walimgeukia yeye, na nilisikia udongo ukidondoka wenyewe kaburini. Mjomba hakujitetea. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, "Mtoto ana uchungu. Tuendelee." Laiti angekasirika. Nimewaza hilo zaidi ya jambo lingine lolote. Angempiga kibao, angemwita mpumbavu, angemweleza pale pale utani ni nini. Mtu asiyejitetea, kwa macho aliyokuwa nayo Deo, alikuwa amekiri.

Baba alimchukua Deo kwenda Kagera baada ya matanga. Hakuwa amefukuzwa; Mjomba alimwambia, "Shemeji, kaa upendavyo, uliijenga wewe." Lakini Baba alikuwa na aibu ya mwanawe na uchovu wake mwenyewe, na nyumba ilikuwa bado na harufu ya Mama. Mimi nilitakiwa kuchagua. Asubuhi ya safari nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mama kwa muda mrefu nikipima Baba na Mjomba, shule ya huku na shule ya kule, na basi liliondoka nikiwa bado nafikiri. Kabla halijaondoka Deo alikuwa amekuja mlangoni kuniaga. "Usile kwake," akasema. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa kaka yangu tukiwa chumba kimoja.

Nilipanda Mgeta, nikala kwake. Ila si mkononi kwake. Kwa sababu maneno ya Deo hayakubaki kaburini. Watu wazima walijua ni upuuzi wa mtoto, lakini neno muuaji likishatamkwa mbele ya jeneza haliondoki na aliyelisema. Kwenye gulio wanawake walikuwa wanamsalimia Mjomba vizuri, wanageuza njegere zake mkononi, wanazirudisha, wananunua kwa wa pembeni. Harusi moja alikaribishwa, akaombwa asisaidie kugawa pombe, "upumzike tu mzee." Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa rahisi zaidi. Na yeye akafanya jambo ambalo mwanzoni sikulielewa: aliacha kumpa mtu yeyote chakula au kinywaji kwa mkono wake. Mgeni akifika, alikuwa anaonyesha birika kwa kidevu. "Jichotee mwenyewe, mwanangu." Nikiwa na homa, natetemeka, aliweka kikombe kitupu mezani, akaweka birika kando yake, akaenda kusimama dirishani amenipa mgongo. Nilimwomba animiminie. Akasema mikono inamtetemeka. Haikuwa inatetemeka. Mkewe alipokuja ndipo nikanywa. Mtu aliyekuwa anajua kumwinua mgonjwa kichwa bila kumwaga hata tone aliishi miaka yote iliyobaki mikono yake iko mbali na vikombe vya watu.

Mimi nilikua nikiyatazama hayo kila siku. Lile shamba aliloshitakiwa kuliiba alikuwa analilima kando na la kwake, na mavuno yake yalikuwa yanaingia stoo peke yake. "La Deo hilo," alikuwa anasema, bila uchungu, kama mtu anayesema jua limetoka. Nilimpigia Deo nikamweleza, kwanza kwa hasira, halafu kwa kubembeleza, na mwaka mmoja, alipokuwa mtu mzima tayari, nikasikia kwenye sauti yake kwamba ameelewa. Nilidhani nitafurahi. Kumbe alipokuwa haelewi nilikuwa na matumaini kwamba siku akielewa atarudi. Alipoelewa ndipo alipoacha hata kuuliza habari za Mgeta.

Mzee Gervas, mkubwa wa ukoo, alichungulia mlango wa jikoni. "Binti, mpigie tena. Wingu lile unaliona."

Nilitoka na simu mpaka nyuma ya stoo, kwenye mtandao. Iliita sana.

"Prisi."

"Uko wapi?"

Nikasikia mtu akimwuliza bei ya kioo cha simu, naye akasema subiri. Alikuwa dukani kwake, Bukoba. Hakuwa amepanda basi lolote.

"Deo, wamekusubiri. Kaburi liko wazi."

"Nikija nitasimama wapi?"

"Pale anaposimama mpwa."

"Mimi nilimwita muuaji mbele ya kaburi la dada yake. Leo nije nirithi?" Alikuwa anaongea haraka, kama aliyeyasema peke yake mara nyingi. "Watanitazama, Prisi. Wote watanitazama. Waambie wasinisubiri."

"Alikulimia shamba."

"Najua. Uliniambia. Usiniambie tena."

Niliondoa simu sikioni bila kuikata, nikarudi barazani nayo mkononi. Wazee walinyanyua nyuso. Maisha yangu yote nilikuwa nikijua kuongeza "labda" kwenye kila sentensi, na "labda" ilikuwa tayari mdomoni. Labda amekwama njiani. Labda tumsubiri mpaka jioni.

"Haji," nikasema. "Mzikeni."

Walitazamana. Mzee Gervas aliinuka akashika fimbo yake. "Basi tangulia wewe," akaniambia. "Tumbo ni lilelile. Jina tutamwekea kaka'ko. Mvua hii hatuwezi kumwekea."

Udongo wa Mgeta ni mwekundu na baridi. Nilitupa kiganja cha kwanza, ukagonga ubao, na nyuma yangu watoto wa Mjomba walisogea, na watani wakashika majembe kimya, bila neno hata moja la kutania. Bi Koleta, mzee sasa, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kiganja mdomoni. Mvua ilianza. Watu wakakimbilia turubai. Ndipo nilipokumbuka mkono wa kushoto umeshika nini. Niliweka simu sikioni.

"Deo?"

"Nipo."

"Umesikia?"

"Nimesikia udongo."

"Wamekuwekea jina."

Nikamsikia anapumua, pumzi fupifupi za mtu aliyejifungia mahali watu wasimwone. Nilisubiri aseme atakuja arobaini, au aseme wampe mwingine. Hakusema. Mvua ilikuwa inanilowesha na nilijua anaisikia inavyopiga kwenye udongo mpya. Hakukata, na mimi sikukata.